Mpima Maji na Kitabu Chake: Kazi ya Kutunza Mabonde katika Ngara na Biharamulo

Wasikilizaji wangu, mtu akisimama juu ya daraja la Rusumo, wilayani Ngara, wakati wa masika, huuona mto Kagera ukishuka kwa kishindo kikubwa, na maji yake yana rangi ya udongo kama chai iliyotiwa maziwa. Wageni wengi hustaajabia kishindo. Leo mimi nataka tuitazame ile rangi. Maji ya mvua yatokapo mawinguni hayana rangi. Basi rangi ile yatoka wapi? Yatoka mashambani, na njiani, na machungani. Ni udongo wa juu, ule ulio na rutuba, ambao umeiacha migomba na maharagwe ya wenyewe, nao sasa umo safarini kwenda Ziwa Victoria.

Yuko mtu ambaye kazi yake ni kuifuata rangi ile mpaka inakotoka, kuipima, na kuwasaidia wenyeji kuizuia. Serikalini huitwa fundi sanifu wa maji. Vijijini wengi humwita mpima maji tu, na jina hilo lamfaa. Kazi yake ina sehemu mbili, nazo hazitengani: kupima mabonde, na kuyaponya. Afanyaye ya pili bila ya kwanza ni kama mganga atoaye dawa bila kumgusa mgonjwa. Na afanyaye ya kwanza bila ya pili ni kama mtu akaaye kando ya kitanda akihesabu pumzi za mgonjwa mpaka akafa.

Kwanza yatupasa kuijua nchi yenyewe. Fikirini paa la nyumba. Mvua ikinyesha, matone yaangukayo upande huu wa mgongo wa paa hushuka huku, na yaangukayo upande wa pili hushuka kule, hata kama yalitengana kwa upana wa kidole tu. Nchi nayo ni vivyo hivyo. Mgongo wa kilima ndio mgongo wa paa, na kijito kilicho bondeni ndicho mfereji wa kukingia maji. Eneo lote ambalo maji yake hukusanyika katika kijito kimoja huitwa kidakio. Vidakio vidogo huingia katika vikubwa, kama vile nyumba zifanyavyo kijiji, na vijiji vifanyavyo wilaya.

Katika Ngara, vijito vingi huingia katika mto Ruvubu utokao Burundi, au katika Kagera yenyewe. Mito hiyo miwili hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo. Kisha Kagera huelekea kaskazini, ikiwa mpaka wa Tanzania na Rwanda, halafu hugeuka mashariki mpaka ziwani; wala hakuna mto uingizao maji mengi katika Ziwa Victoria kuliko huo. Kutoka ziwani maji huendelea kwa mto Nile mpaka Misri. Mwaka 1937 Mjerumani mmoja, Burkhart Waldecker, aliufuata Ruvubu na vijito vyake kwenda juu mpaka Rutovu, katika Burundi, akasema kuwa hapo ndipo chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote. Basi mkulima wa Ngara akilima mtelemkoni bila kinga, udongo wake una njia ndefu ya kwenda, na kurudi haurudi.

Biharamulo, jirani wa Ngara upande wa mashariki, ina miombo mingi. Sehemu ya mapori yake iliunganishwa na mapori ya Burigi na Kimisi mwaka 2019 yakafanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kwa mpima maji, misitu kama ile ni kipimo cha kulinganishia. Hukinga chupa ya maji katika kijito kitokacho msituni, na chupa nyingine katika kijito kitokacho katika mashamba yasiyo na matuta, baada ya mvua kubwa. Huziweka zote mbili mezani mpaka kesho yake. Tofauti ya matope yatuamayo chini hata mtoto wa darasa la kwanza huiona.

Nchi hii ilipata jeraha kubwa mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, kwa muda wa saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakakimbilia Ngara. Benaco, mahali palipokuwa kimya, pakawa kama mji mkubwa kwa siku chache. Simlaumu mtu kwa ajili ya kuni; mama aliye na watoto hana budi kupika. Walakini hesabu ni hesabu. Wakimbizi walipokuwa wengi kabisa katika mkoa wa Kagera, kuni zilizochomwa kwa siku moja zilizidi tani 1,200. Kufikia mwaka 1996 msitu wenye eneo la kilomita za mraba 570 ulikuwa umeguswa, na katika hizo kilomita za mraba 167 ziliharibiwa vibaya. Mwezi wa Desemba mwaka ule wengi wao walirudi kwao. Watu wakaondoka, makorongo yakabaki.

Wala tusiwatwike wageni mzigo wote. Wako wenyeji wachomao moto vilima kila kiangazi ili majani mabichi yaote. Wako walimao mpaka ukingoni mwa kijito. Wako waliopanda mikaratusi kandokando ya chemchemi, kwa kuwa hukua upesi na kuuzika upesi, wasikumbuke kwamba mti ukuao upesi hunywa pia upesi.

Sasa natuone jinsi mpima maji afanyavyo kazi. Chombo chake cha kwanza ni kipimamvua. Kila siku, saa tatu asubuhi, maji yaliyoingia hupimwa kwa milimita na kuandikwa. Mtu aweza kudharau milimita, maana ni kitu chembamba kama ukucha. Lakini milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya shamba la ekari moja, maji yaliyoanguka yapata lita 80,000, yaani madebe elfu nne na zaidi. Swali kubwa la kazi hii yote ni hili: madebe hayo elfu nne yataingia ardhini, au yatakimbia juu yake?

Chombo cha pili ni ubao wenye alama za sentimita, uliosimamishwa mtoni. Msomaji wake huusoma asubuhi na jioni, apate kujua kimo cha maji. Lakini kimo peke yake hakitoshi. Yapasa kujua pia ni maji kiasi gani yapitayo. Katika mto mkubwa hutumiwa chombo chenye panga dogo lizungushwalo na maji. Katika kijito mwanafunzi yeyote aweza kupima. Chagua mahali palipo sawa, upime mita 20 ukingoni. Tupa kijiti majini na kutazama saa. Kikipita mita hizo kwa sekunde 40, mwendo wa juu ni nusu mita kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, zidisha kwa 0.85. Kisha pima upana na kina cha maji. Ikiwa upana ni mita 3, na kina kwa wastani ni sentimita 40, kijito kile chapitisha lita zipatazo 510 kwa kila sekunde.

Kipimo cha tatu ni cha matope. Lita moja ya maji huchujwa, matope yake hukaushwa na kupimwa kwa mizani. Tuseme yamepatikana matope ya gramu moja tu, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole. Katika kijito kile cha lita 510, gramu hiyo moja katika kila lita maana yake ni kilo 1,836 kwa saa, yaani magunia kumi na manane ya udongo, kila gunia kilo mia na zaidi. Kama mwizi angeingia shambani usiku akachukua magunia kumi na manane, kijiji kizima kingepiga yowe. Maji huyachukua mchana, nasi twatazama.

Kipimo cha nne ni cha chemchemi, na hicho ni rahisi kuliko vyote: ndoo ya lita 20 na saa. Hupimwa mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijaanza. Wakati ule maji yatokayo si ya mvua ya jana. Ni yale ambayo kilima kiliyaweka akiba tangu masika.

Baada ya kupima ndipo huja kuponya. Korongo haliponywi kwa kuanzia chini lilikopanuka. Huanzwa juu, kichwani pake, ambako maji huingia. Kwanza maji yapunguzwe, kisha vizuizi vya mawe na matawi vijengwe kimoja kimoja kushuka chini. Mashambani hupimwa mistari iendayo sawa na kilima, isiyopanda wala kushuka. Chombo chake ni miti miwili iliyofungwa mfano wa herufi A, na uzi wenye jiwe ukining'inia katikati. Juu ya mistari hiyo huchimbwa matuta. Udongo ukitupwa upande wa juu wa mtaro, tuta huitwa fanya juu. Ukitupwa upande wa chini, huitwa fanya chini. Majani ya kulishia ng'ombe hupandwa juu ya tuta yapate kulishika. Kuanzia mwaka 2010, kwa miaka kadhaa, shirika la FAO la Umoja wa Mataifa, pamoja na serikali za Tanzania, Rwanda, Burundi na Uganda, waliendesha mpango wa kutunza bonde la Kagera, na Ngara ilikuwa mojawapo ya wilaya zilizokuwamo. Wakulima walifundishana mambo kama haya katika mashamba darasa. Tena miche haihesabiwi siku ya kupandwa tu, siku ya ngoma na hotuba. Mpima maji huihesabu baada ya kiangazi cha kwanza, wakati hakuna mtu apigaye makofi.

Basi nitawasimulieni jambo nililoliona mwenyewe. Kijana mmoja niliyemfundisha hesabu, kabla sijahamia chuo cha ualimu, alinikaribisha kazini kwake katika kijiji kimoja cha Ngara. Tukaenda chemchemini mwishoni mwa kiangazi, tukamkuta bibi mmoja akiteka maji.

“Shikamoo, bibi,” tulimwambia.

“Marahaba, wanangu. Mmekuja tena na saa yenu? Mimi nilipoolewa hapa nalitega mtungi, na kabla sijamaliza kusokota ngata, umekwisha jaa. Leo nasokota ngata, nasalimiana na watu, nazisikia habari za kijiji kizima, na ndoo bado.”

Kijana akacheka, lakini akayaandika maneno yale. Akaniambia, “Mwalimu, hicho nacho ni kipimo, ila hakina sekunde.” Kisha akatega ndoo yake. Ilijaa kwa sekunde 50.

Mwaka ule kijiji kilikuwa kimekubali kukifunga kilima kilicho juu ya chemchemi: mbuzi wasipande, jembe lisipande, moto usiwashwe. Jambo hilo halikuwa jepesi, maana mbuzi wa maskini ndio karo ya mtoto wake. Walingoja. Mwaka wa pili, mwisho wa kiangazi, ndoo ilijaa kwa sekunde 58. Maji yalikuwa yamepungua! Mkutano ukaitwa, nami nilikuwapo.

Mzee mmoja mwenye mbuzi wengi akasimama, akasema, “Tumekifunga kilima, mbuzi wetu wamekonda, na maji yamepungua. Kilima kifunguliwe. Tena huyu kijana na kitabu chake, nani ajuaye kama hesabu hizo hazitungi usiku nyumbani kwake?” Watu wengi wakaguna kwa kukubali.

Kijana akafungua kurasa za mvua. Akasema, “Wazee wangu, mwaka wa kwanza mvua ilikuwa milimita 1,020. Mwaka huu ilikuwa 760. Mvua imepungua kwa robo, lakini chemchemi imepungua kwa sehemu moja tu ya saba. Siwezi kuapa kwamba ni kwa ajili ya kilima. Mwaka mmoja hautoshi kuapia. Nasema tu kwamba mvua ilipungua zaidi kuliko maji.”

Mzee akaomba kitabu. Alijua kusoma. Akafunua karatasi polepole, akasimamisha kidole mahali. “Hapa pana siku nne tupu. Kwa nini?”

“Siku hizo nalikuwa na homa, mzee. Sikwenda, wala sikumwagiza mtu. Mvua ya siku zile ilikusanyika chomboni, nikaiandika kwa jumla siku ya tano. Utaona nimeeleza pembeni.”

Mzee akasoma maneno ya pembeni. Akanyamaza kitambo, kisha akakirudisha kitabu kwa mikono miwili. “Mtu atungaye hesabu,” akasema, “asingeacha nafasi tupu. Angejaza.” Akaketi. Kilima kikafungwa mwaka mwingine. Mwaka wa tatu mvua ilikuwa milimita 990, pungufu kidogo kuliko mwaka wa kwanza. Walakini ndoo ilijaa kwa sekunde 44.

Maneno ya mzee yule yalinichoma, nami nitawaambieni sababu. Nilipokuwa mwanafunzi nalipewa kazi ya kusoma kipimamvua cha shule. Likizo moja nalikwenda kucheza siku tatu. Niliporudi nikakuta maji chomboni, sikujua ni ya siku ipi. Nikaona haya kuacha nafasi tupu. Nikayamwaga, nikaandika sifuri mara tatu. Hakuna aliyenikamata. Kitabu kile kilipelekwa kilikopelekwa, na kama kipo mpaka leo, chasema uongo kwa mwandiko wangu mzuri. Nafasi tupu husema, “Sijui.” Sifuri ya uongo husema, “Kulikuwa kukavu,” na mtu atakayekuja baadaye ataiamini, atajenga daraja au kisima juu yake.

Mwanafunzi apendaye kazi hii na ashike sana hesabu, fizikia, kemia na jiografia. Chuo cha Maji cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1974, hufundisha elimu hii kwa cheti na kwa stashahada. Lakini vitabu peke yake havitoshi. Yampasa awe mtu awezaye kupanda kilima kwa miguu, kusimama ndani ya maji baridi, kuwasalimu wazee kabla ya kutoa saa mfukoni, na kuandika aonalo hata likimwaibisha.

Nanyi wanakijiji, msingoje mpaka fundi aje. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nendeni mkahesabu hatua hizo katika kijito chenu, mwone nani yumo ndani yake, msije mkamkuta mwenyekiti. Jumuiya ya watumia maji yaweza kununua daftari moja, na kumchagua mtu mmoja mwaminifu wa kulishika. Maporomoko ya Rusumo sasa yana mitambo ya umeme wa megawati 80, ugawanywao sawasawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Wakuu wa nchi tatu wakaa pamoja kwa ajili ya maji yale. Je, watu wa kilima kimoja watashindwa kukaa pamoja kwa ajili ya chemchemi yao?

Basi, mwisho wa kiangazi hiki, chukueni ndoo ya lita 20 na saa, mwende chemchemini asubuhi na mapema. Hesabuni sekunde. Andikeni tarehe, na jina la aliyepima. Mwaka ujao, siku iyo hiyo, rudini mkapime tena. Na siku mkikosa kwenda, acheni nafasi tupu.

Kwaherini.